Rufaa Pekee Haizuii Kuondolewa Katika Nyumba: Utaratibu wa Maombi ya Dharura ya Kusimamisha Utekelezaji wa Hukumu

Miongoni mwa mambo yanayowagharimu wananchi katika mashauri ya ardhi ni dhana kwamba mtu akishakata rufaa, nyumba yake iko salama hadi rufaa hiyo itakapoamuliwa. Dhana hiyo si sahihi. Sheria za Tanzania zinaeleza bayana kuwa kukata rufaa, au kuwasilisha notisi ya kusudio la kukata rufaa, hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Aliyeshinda anayo haki ya kukabidhiwa eneo lake. Dalali wa mahakama anaweza kufika mlangoni akiwa na amri halali ya kumtoa aliyeshindwa, ilhali jalada la rufaa liko masjala likisubiri kupangiwa tarehe.

Kinachoweza kumzuia dalali huyo ni amri nyingine ya mahakama, nayo haitolewi mpaka iombwe. Maombi yake yana masharti yake, nyaraka zake na muda wake. Muda huo ndio unaowaponyoka wengi, kwa sababu huhesabika kwa siku chache wakati rufaa yenyewe huhesabika kwa miezi na pengine miaka.

Kanuni ya msingi inapatikana katika sehemu mbili. Kwa rufaa zinazokwenda Mahakama Kuu, ipo katika Amri ya XXXIX, Kanuni ya 5 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Kwa rufaa zinazokwenda Mahakama ya Rufani, ipo katika Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009. Zote mbili zina mwelekeo mmoja: hukumu huhesabiwa kuwa sahihi mpaka itakapotenguliwa, na rufaa haipaswi kuwa njia ya kununua muda kwa mtu aliyekwisha kushindwa. Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Afrika Kusini, kwa mfano, kupitia Sheria ya Mahakama za Juu ya mwaka 2013, iliweka utaratibu ambao kwa kawaida rufaa husimamisha uamuzi unaolalamikiwa, na anayetaka utekelezwe mapema ndiye anayelazimika kwenda kuomba. Tanzania imeuweka mzigo huo kwa aliyeshindwa.

Si haki kuutazama utaratibu huu kwa jicho la anayeondolewa peke yake. Mara nyingi aliyeshinda naye ni mtu aliyehangaika muda mrefu nje ya kiwanja chake, akipanga chumba kwa watu wakati mwingine anakusanya kodi katika nyumba iliyo mali yake. Kila mwezi unaoongezwa kwa amri ya kusimamisha utekelezaji ni mwezi anaotozwa yeye. Ndiyo maana sheria haikuifanya amri hiyo iwe rahisi kupatikana.

Siku 14 ndani ya siku 45

Migogoro mingi ya nyumba na viwanja huanza katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chombo kilichoundwa chini ya Sheria ya Mahakama za Utatuzi wa Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Kwa marekebisho yaliyofanywa mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena uamuzi katika mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Hivyo, kwa mkazi wa kawaida, uamuzi wa kwanza unaoweza kumtoa ndani ya nyumba hutolewa na mwenyekiti wa baraza la wilaya.

Asiyeridhika na uamuzi huo ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Hapo ndipo mtego ulipo. Kanuni za mabaraza hayo za mwaka 2003 zinamruhusu aliyeshinda kuomba kukaza hukumu mara tu baada ya kusomwa, bila kusubiri siku 45 ziishe. Mwenyekiti akipokea maombi hayo humwamuru aliyeshindwa kutii uamuzi ndani ya siku 14. Siku hizo zikipita, baraza huendelea kutoa amri za utekelezaji, ikiwemo ya kumkabidhi dalali kazi ya kumwondoa.

Mtu anayehesabu siku 45 na kusema bado ana wiki tatu za kutafuta nauli na wakili, anaweza kukuta vyombo vyake viko barabarani kabla hajawasilisha hati ya rufaa. Haki yake ya rufaa bado ingalipo, na muda wake haujapita. Kilichopita ni nafasi ya kuisubiri rufaa hiyo akiwa ndani ya nyumba.

Kabla muda wa rufaa haujaisha na rufaa haijasajiliwa, maombi ya kusimamisha utekelezaji hupelekwa katika chombo kilichotoa uamuzi. Rufaa ikishasajiliwa, mahakama inayoisikiliza ndiyo inayoombwa. Katika ngazi hii mwombaji hutakiwa kuonesha mambo matatu: kwamba atapata hasara kubwa ikiwa hukumu itatekelezwa, kwamba hakuchelewa kuomba bila sababu, na kwamba ametoa dhamana ya kutii hukumu iwapo rufaa itashindwa. Asipotimiza mojawapo, maombi hukataliwa.

Mahakama ya Rufani na hesabu ya siku

Shauri linapotoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, hatua ya kwanza ni notisi ya rufaa, ambayo huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu siku ya uamuzi. Bila notisi hiyo hakuna maombi ya kusimamisha utekelezaji yanayoweza kusikilizwa, kwa kuwa ndiyo inayoipa Mahakama ya Rufani mamlaka juu ya jambo hilo. Rufaa kamili, yaani kumbukumbu zote za shauri zilizopangwa kwa utaratibu, hufuata ndani ya siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Muda uliotumiwa na Msajili kuandaa nakala za mwenendo na hukumu unaweza kuondolewa katika hesabu hiyo, endapo nakala ziliombwa kwa maandishi kwa wakati na upande wa pili ukapewa nakala ya barua ya maombi.

Maombi ya kusimamisha utekelezaji yana saa yake tofauti. Kanuni ya 11 inataka yawasilishwe ndani ya siku 14 tangu mwombaji alipopewa notisi ya utekelezaji na ofisa anayehusika, au tangu alipofahamu kwa njia nyingine kwamba maombi ya kukaza hukumu yapo. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko yanavyoonekana. Mtu aliyeambiwa na wakili wake, au aliyekuta taarifa ya maombi hayo katika mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, hawezi kujitetea kwamba karatasi yenye mhuri ilikuwa haijafika mikononi mwake.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Hukumu ya Mahakama Kuu imetolewa tarehe 2 Machi. Aliyeshindwa amewasilisha notisi ya rufaa tarehe 20 Machi, akiwa ndani ya muda. Tarehe 4 Mei anapokea notisi ya kumtaka aeleze kwa nini hukumu isitekelezwe. Kuanzia hapo siku 14 zinahesabiwa, na siku ya mwisho ni tarehe 18 Mei. Akienda tarehe 20 Mei, hata awe na hoja nzito kiasi gani, jambo la kwanza atakalotakiwa kulifanya ni kuomba kuongezewa muda kwa kueleza kila siku aliyochelewa. Maombi hayo ya kuongezewa muda nayo huchukua siku zake, na hayamzuii dalali.

Nyaraka nne lazima ziambatanishwe: nakala ya notisi ya rufaa, nakala ya tuzo au amri inayolalamikiwa, nakala ya hukumu au uamuzi, na nakala ya notisi ya kusudio la kukaza hukumu. Ikikosekana moja, maombi yanaweza kuondolewa bila hoja zake kusikilizwa. Nyaraka hizi hutafutwa kwa siku kadhaa, hasa tuzo, ambayo watu wengi huichanganya na hukumu. Hukumu ni maelezo ya jaji na sababu zake. Tuzo ni hati fupi inayotaja nini kimeamriwa, na ndiyo inayotekelezwa. Anayesubiri apewe notisi ya utekelezaji ndipo aanze kuomba nakala ya tuzo amejipunguzia siku zake mwenyewe.

Lipo pia jambo linalowashangaza waombaji: si kila uamuzi unaweza kusimamishwa. Ikiwa mtu ndiye aliyefungua shauri na likatupwa, hakuna kilichoamriwa kitekelezwe dhidi yake isipokuwa pengine gharama. Amri ya kusimamisha haina cha kukamata hapo. Akihofia kuondolewa, atapaswa kutafuta nafuu ya aina nyingine.

Usikilizwaji wa dharura unavyokwenda

Maombi huwasilishwa yakiwa na kiapo kinachoeleza mambo ya hakika na hati ya dharura, ambayo husainiwa na wakili au na mwombaji mwenyewe anapojiwakilisha. Hati ya dharura haitoi amri yoyote. Kazi yake ni kuiomba mahakama ilitoe jalada katika foleni na kulisikiliza mapema, na ndiyo sababu inapaswa kutaja tarehe. Hati inayosema tu kwamba jambo hili ni la haraka sana haimsaidii msajili kuamua lipi litangulie kati ya majalada yaliyo mezani. Inayosema kwamba amri ya kuondolewa itatekelezwa tarehe fulani, na kuambatisha barua ya dalali, humpa sababu ya kuchukua hatua siku hiyo.

Pale ambapo utekelezaji uko mlangoni, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa amri ya muda ya kusimamisha utekelezaji hadi pande zote mbili zitakaposikilizwa. Amri hiyo si ushindi. Mjibu maombi hupewa nyaraka, huwasilisha kiapo kinzani, na siku ya usikilizwaji kamili anaweza kuonesha kwamba hakukuwa na sababu ya amri hiyo kutolewa. Katika Mahakama ya Rufani, maombi ya kusimamisha utekelezaji husikilizwa na majaji watatu, tofauti na maombi mengine mengi yanayoweza kuamuliwa na jaji mmoja.

Siku hiyo majaji hawaulizi nani mwenye kiwanja. Swali hilo ni la rufaa. Chini ya Kanuni ya 11 wanaangalia mambo mawili: je, mwombaji anaweza kupata hasara kubwa, na je, ametoa dhamana? Masharti hayo huenda pamoja.

Hasara kubwa huthibitishwa kwa maelezo mahususi ndani ya kiapo. Kiapo kinachosema kwamba mwombaji atapata hasara isiyofidika, kikaishia hapo, hakijaeleza kitu. Mahakama inahitaji kujua nani wanaishi katika nyumba hiyo na kwa muda gani, kama ni makazi pekee ya familia, kama ndipo ilipo biashara inayowalisha, kama aliyeshinda amekwisha kutangaza kuuza au kubomoa. Nyumba ikibomolewa, rufaa inayoshinda hurudisha udongo. Ikiuzwa kwa mtu wa tatu, hurudisha kesi nyingine. Kwa upande mwingine, anayeomba kusimamisha makabidhiano ya kiwanja kitupu, ambacho hakuna anayekusudia kukijenga wala kukiuza, ana kazi kubwa zaidi ya kuonesha hasara iko wapi.

Sharti la dhamana ndilo linaloangusha maombi mengi ya watu wasio na wakili, kwa kuwa hudhani kuomba huruma kunatosha. Dhamana ni uhakika kwamba rufaa ikishindwa, aliyeshinda hatabaki na tuzo isiyotekelezeka. Inaweza kuwa dhamana ya benki, hati ya umiliki wa mali nyingine, au fedha zitakazowekwa mahakamani. Katika shauri la Mantrac Tanzania Limited dhidi ya Raymond Costa, Maombi ya Madai Namba 11 ya mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa si lazima dhamana iwe imekwisha kuwekwa kabla ya amri kutolewa. Ahadi thabiti ya kuitoa inaweza kutosha, ili mradi mahakama iweke muda wa kuitimiza. Uamuzi huo umewafungulia njia waombaji wasioweza kupata dhamana ya benki ndani ya siku 14. Hata hivyo ahadi lazima iwemo katika kiapo, kwa maneno yaliyo wazi. Kuitoa kwa mdomo mbele ya majaji, baada ya upande wa pili kulalamika kwamba haipo, ni kuchelewa.

Sheria iliyorekebishwa mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaweza kutumika inapobidi. Kwa mtu anayepokea notisi yenye ukomo wa siku 14, kuisoma na kuielewa siku ileile si jambo dogo. Anayepokea hati iliyo katika lugha asiyoielewa anashauriwa kwenda masjala ya mahakama iliyoitoa na kuomba aelezwe inasema nini, badala ya kuiweka kabatini.

Ikiwa dalali amekwisha kufika

Maombi ya kusimamisha utekelezaji hufa pale utekelezaji unapokamilika. Mahakama haitoi amri ya kuzuia jambo ambalo limekwisha kutendeka, na maombi yaliyobaki hutamkwa kuwa yamepitwa na matukio. Rufaa inaendelea, na ikishinda, aliyeondolewa anaweza kudai kurejeshwa au kufidiwa. Njia hiyo ni ndefu.

Urefu wake unaonekana katika shauri moja la nchi jirani ya Kenya, ingawa lenyewe lilihusu zuio wakati kesi ya awali ikiendelea, wala si rufaa. Septemba 2011 wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, walipewa siku 7 za kuondoka kwa tangazo la gazeti. Walikwenda Mahakama Kuu na kupata amri ya zuio. Novemba mwaka huohuo makazi yao yalibomolewa wakati amri hiyo ikiwa hai. Wakazi walishinda Mahakama Kuu mwaka 2013, wakashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2016, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Mitu-Bell Welfare Society dhidi ya Kenya Airports Authority, ikairudisha hoja ya nafuu wanazostahili katika mahakama iliyoanza kulisikiliza. Karibu miaka kumi ilikuwa imepita tangu nyumba ziangushwe.

Kwa hiyo anayepata amri ya muda anapaswa kuhakikisha inawafikia wote wanaoweza kumwondoa: mshinda tuzo, dalali wa mahakama, ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, na kituo cha polisi kitakachoombwa kusimamia usalama. Dalali ambaye hajaiona amri anaendelea na kazi aliyopewa. Anayeiona na kuipuuza anajiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa kuidharau mahakama.

Wasiokuwa sehemu ya kesi

Mpangaji, mwenza wa ndoa au mnunuzi ambaye hakuwa mdaawa katika shauri hawezi kuomba kusimamisha utekelezaji kwa rufaa isiyo yake. Sheria imempa njia ya pingamizi, anayoipeleka katika mahakama inayokaza hukumu akieleza kwamba mali hiyo, au sehemu yake, si ya aliyeshindwa. Njia hii nayo inapaswa kuanza kabla ya dalali kumaliza kazi.

Hali ni tofauti tena kwa mtu anayetakiwa kuondoka bila ya kuwepo hukumu yoyote, kwa mfano aliyepewa notisi na mamlaka ya umma kwamba amejenga katika hifadhi ya barabara. Hapo hakuna tuzo ya kusimamisha. Anachoweza kuomba ni zuio la muda, na mahakama hupima maombi hayo kwa vigezo vilivyowekwa katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kuwepo kwa hoja nzito ya kuamuliwa, hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na mizani ya nani ataumia zaidi. Kwa kuwa anayetaka kuishtaki Serikali hutakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwanza, Mahakama Kuu imekuwa ikipokea maombi ya zuio la kushikilia hali ilivyo katika kipindi hicho. Mawakili huliita zuio la Mareva, kwa jina la kampuni ya meli iliyohusika katika kesi ya Uingereza ya mwaka 1975.

Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imekuwa ikifika mikoani na kupokea kwa wingi malalamiko ya ardhi. Anayekwenda kuomba msaada huo abebe notisi ya utekelezaji, hukumu na bahasha au kumbukumbu inayoonesha siku aliyopokea notisi, kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa ni siku ngapi zimebaki.

Baada ya amri kutolewa

Amri ya kusimamisha utekelezaji huja na masharti, na sharti kuu ni tarehe ya kuweka dhamana. Iwapo mahakama imetoa siku 30 za kuleta dhamana ya benki na siku hizo zikapita bila ya kuletwa, kinga huondoka na mshinda tuzo anaweza kuendelea pale alipoishia. Vivyo hivyo, amri hiyo hudumu kwa uhai wa rufaa tu. Rufaa ikiondolewa kwa kutowasilishwa ndani ya muda, ikifutwa au ikishindwa, amri huisha siku hiyohiyo na dalali hahitaji kusubiri uamuzi mwingine wa kuifuta.

Zipo familia zilizopata amri, zikapumua, kisha zikaacha kufuatilia nakala za mwenendo kwa ajili ya rufaa yenyewe. Siku 60 za kuwasilisha rufaa ziliendelea kuhesabika wakati wote huo.